Mkasi wa Baba Mdogo

Tangu tumzike baba mdogo, vita vyote alikuwa akivipiga Baba Mkubwa. Kila aliyekuja kutupa pole alikalishwa sebuleni, akamiminiwa chai, kisha akamiminiwa mapambano. Mdogo wake, aliyeondoka hapa kijana mwembamba na kujiunga na jeshi la nchi ya watu, sasa alikuwa amevuka mito usiku na kukamata mateka peke yake. Maadui waliongezeka kila birika lilipojazwa upya.

Bibi, mama yao, alikuwa akisikiliza kutoka chumbani. Siku moja aliniita nimkande miguu, akaniambia nifunge mlango.

"Nitafutie jambo moja," alisema. "Mwanangu aliua mtu?"

"Bibi, alikuwa mwanajeshi."

"Kazi yake naijua. Huyu kaka yake kila birika la chai anamwongezea maiti, na mimi ndiye niliyemzaa. Silali."

Niliogopa, maana jibu lingeweza kuwa ndiyo. Lakini bibi yangu akishakutuma, nyumba nzima haina pa kujificha.

Nilianza na sanduku lililokuja pamoja na jeneza. Ufunguo alikuwa nao Baba Mkubwa, kwa hiyo tulilifungua wote wawili. Ndani mlikuwa na mkasi mwembamba unaong'aa, vitana vya kila saizi, simu ya vitufe, na kitambaa cheupe chenye kamba za kufungia shingoni. Risasi hakuna, hata ya dawa.

"Mkasi wa kukatia nyaya za adui," alisema Baba Mkubwa bila kupepesa.

"Na vitana?"

"Nidhamu. Jeshi ni usafi."

"Na hiki kitambaa cheupe?"

"Adui akishindwa anapewa apunge."

Nikamuuliza kuhusu zile nywele. Tulipomfunua uso baba mdogo, sote tuliona zimekatwa ovyo juu ya sikio, kama zimetafunwa na mbuzi. "Risasi ilipita hapo," alisema, huku akilipapasa sikio lake mwenyewe, lenye pengo ambalo nyumbani kwetu halizungumzwi.

Niliichaji ile simu. Namba iliyopigwa kuliko zote ilikuwa ya mtu aliyeandikwa Kipara. Nilimpigia, nikamwekea bibi sauti ya juu pale kitandani. Baba Mkubwa akasimama mlangoni, eti anatafuta miwani.

Kumbe Kipara ni mtu wa huku huku kwetu, waliondoka pamoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikuwa jeshini na mwanangu?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi dereva, yeye kinyozi."

Baba Mkubwa alikohoa. "Kinyozi wa kikosi maalumu?"

"Kinyozi wa kila mwenye kichwa. Bunduki alipewa, akawa anaitundikia taulo."

Bibi aliishika simu kwa mikono miwili. "Niambie ukweli, mwanangu. Alimwaga damu ya mtu?"

Kipara alifikiri kidogo.

"Alimwaga, mama. Ya masikio. Hasa miaka ya mwanzo. Kuna wakubwa walikuwa wakimwona wanavaa kofia."

Hakuna aliyemtazama Baba Mkubwa, ila sote tulimwona mkono ukipanda sikioni. "Alianza na mimi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo wageni hawajawahi kuisikia.

Bibi alicheka mpaka nikamshika asianguke. Alipotulia, akakumbuka. "Na kichwa alichorudi nacho? Nani kaniharibia mwanangu?"

Kipara alishusha sauti.

"Ni mimi, mama. Alikuwa hospitalini, mikono haina nguvu tena. Mwanao alimkataa kinyozi wa pale, akasema anashika mkasi kama koleo. Akanipa mkasi wake. Nikamwambia mimi hata nywele sina, nitajulia wapi? Akasema, nyoa tu, narudi kwa mama, sitaki anione kichaka. Nilipompa kioo alicheka sana. Akasema, mama akiona hivi atajua nilikuwa na rafiki, maana mtu wa kulipwa hawezi kuharibu namna hii."

Machozi yalimtoka bibi, akayafuta kwa ncha ya shuka.

"Umemnyoa vibaya sana, mwanangu," alimwambia. "Asante."

Kesho yake wageni walifika bibi akiwa bado amelala fofofo. Baba Mkubwa aliwamiminia chai, akawaomba wasipaze sauti, kisha akawageuzia sikio waone.