Unga Mweusi kwa Mara ya Kumi

Dada yangu ananiita Kiherehere tangu sijaota meno, na siku ile mkaguzi wa maji alipokuja karakanani nilimpa sababu ya kuniita hivyo mpaka nizeeke. Tangu alfajiri nilikuwa nikizunguka tu. Nimefagia mara mbili, nimepanga viti, nimevipangua. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anakunja vitambaa, mikono ya buluu mpaka viwikoni, ametulia kana kwamba si yeye atakayefungiwa.

Na kufungiwa kulikuwa kweli. Dada hutia nguo rangi, na kwa miaka mingi maji yake machafu yalikuwa yakienda mtaroni. Majirani wakalalamika, mkaguzi akaja mara ya kwanza na barua: safisha maji, la sivyo funga mlango. Hapo nikajitia kimbelembele. Mimi ni fundi wa maabara, nikasema kazi ndogo hiyo.

Kuna kimeng'enya kinachopatikana kwenye uyoga. Ukikitia kwenye maji ya rangi kinaivunjavunja rangi yenyewe, bila dawa kali wala moto. Tabu yake ni moja: kinayeyuka humo humo, ukimwaga maji umekimwaga nacho, na ni ghali. Kwa hiyo kule maabara nilikishikiza juu ya chembe za chuma laini kuliko vumbi, ukawa unga mweusi. Ukimaliza kazi unaweka sumaku ubavuni mwa jagi la kioo, unga wote unakimbilia pale na kung'ang'ania. Unamwaga maji safi, unga unabaki, unautumia tena. Mkaguzi hakubabaika. Akasema unga wa kutumika mara moja dada atauacha mara tu yeye mkaguzi akigeuza kisogo. Anataka mara kumi, unga uleule, na ya kumi aione kwa macho yake.

Mara tisa dada alizifanya mwenyewe, kila mara saa nzima anakoroga kwa mwiko wa mbao, taratibu, hewa iingie. Mimi nilikuwa nachungulia kidogo halafu natoka nje, maana kukaa siwezi.

Siku ile ya mara ya kumi, saa nne kamili, mkaguzi akaingia, akaweka saa yake mezani, akasema saa sita ana kikao. Dada akanyoosha mkono achukue mwiko. Nikamzuia. Mwiko, mbele ya mtu wa serikali? Nilikuwa nimekuja na mashine ya kukorogea ya maabara: kisahani cha umeme unachoweka jagi juu yake, na kijiti cheupe, kidogo kama kidole cha mtoto, unachotumbukiza ndani kikazunguka chenyewe. Nilitaka mkaguzi aone kuna utaalamu hapa.

Dada akakiokota kile kijiti, akakigeuzageuza, kikanasa kwenye mkasi wake wa kukatia nyuzi.

"Hiki si sumaku nacho?" akauliza.

Nikamwambia aniachie mimi mambo ya maabara, yeye ashughulike na vitambaa. Nilimwambia hivyo mbele ya mgeni. Nikakitumbukiza kwenye jagi la maji ya buluu yenye ule unga, nikawasha.

Kijiti kikazunguka vizuri kweli. Nikawa namweleza mkaguzi hili na lile, naizunguka meza kama mimi ndiye kijiti. Nusu saa ikapita, maji buluu. Dakika ya arobaini, buluu ileile. Nikazima mashine. Kijiti kikatulia chini ya jagi, kimevimba, cheusi, kina manyoya. Unga wote ulikuwa umekigandia mpaka chembe ya mwisho, maji yanazunguka bure. Jamani. Mimi niliyemhubiria kila mtu kwamba unga huu unafuata sumaku, ndiye niliyeutilia sumaku. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mkaguzi akatoa fomu ya kufungia. Nikaanza kueleza, maneno yakagongana.

"Kiherehere," dada akasema, "kaa chini."

Nikakaa. Akakitoa kijiti, akakikwangua kwa ukucha wa kidole gumba juu ya mdomo wa jagi, chembe kwa chembe, anasuuza kidole humo humo ili asipoteze kitu. Kisha akakiweka kijiti mbali, mwisho wa chumba, akachukua mwiko. Hakuniambia "si nilikuuliza?" Afadhali angenitukana. Mikono ile ndiyo iliyonisomesha, na asubuhi ile niliionea haya.

Saa tano na robo. Saa tano na nusu. Niliikalia mikono yangu nisiinuke. Buluu ikapauka, maji yakawa kama ya kusuuzia, na dakika tatu kabla ya saa sita nikaviona vidole vya dada upande wa pili wa kioo. Akaweka sumaku, unga ukajikusanya, akamimina maji kwenye bilauri. Mkaguzi akainua bilauri dirishani, akaitazama weee, kisha akairudisha ile fomu mkobani na kuanza kuandika kibali.

Ukabaki mstari mmoja. Akauliza jina la mtaalamu atakayesimamia unga, huku kalamu akinisogezea mimi, kwa kuwa ndiye niliyevaa koti jeupe.

Mstari ule nilikuwa nimeuwaza wiki nzima, jina langu likiwa juu yake. Nikaichukua kalamu, nikaiweka mbele ya dada.

"Mtaalamu ni huyu," nikasema. "Mimi ni mdogo wake."

Dada akafuta mikono kwenye aproni, buluu isitoke, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, na mimi sikumharakisha.