Moyo wa Tajiri

Bertila aliamini upasuaji umekwenda bure. Mbwa wake, Tajiri, alikuwa amerudi Nandagala kutoka Morogoro na kidonda cha ubavuni kikapona vizuri, lakini ng'ombe walipotoka kwenda malishoni alibaki amejinyoosha kivulini mwa ghala. Mbaya zaidi, tumbo lilikuwa linavimba.

Tangu akiwa mdogo, Tajiri alikuwa akikimbia kidogo tu anaketi na kukohoa. Amosi, mume wa Bertila, alisema huo ni uvivu wa kuzaliwa. Bertila hakukubali. Alimpakata kwenye bodaboda hadi Nachingwea kwa Dafrosa, daktari wa mifugo, ambaye alisikiliza kifua cha mbwa kwa muda mrefu, kisha akamvisha Bertila kile kifaa cha kusikilizia masikioni. Ndani mlikuwa mnavuma bila kukatika, kama mashine ya kusaga inayosikika kwa mbali.

Dafrosa alimweleza kwamba kuna mshipa karibu na moyo ambao hujifunga kiumbe akishazaliwa. Wa Tajiri haukujifunga, kwa hiyo moyo ulikuwa unasukuma damu ile ile mara mbili. Moyo ukielemewa hivyo humwaga kemikali fulani kwenye damu, na Tajiri alipopimwa, ilikutwa nyingi kupita kiasi. Ndipo madaktari wa chuo cha Morogoro walipomchukua na kuufunga ule mshipa.

Na sasa tumbo hili. Bertila alimrudisha Nachingwea roho mkononi. Dafrosa alilibonyeza tumbo, akatikisa kichwa polepole.

"Linaweza kuwa maji ya moyo kushindwa kazi, linaweza kuwa shibe," alisema. "Tuiulize damu."

Alivuta damu kidogo mguuni, akaituma kupimwa. Siku zile za kusubiri, Bertila alipika bila kuonja na kuitika bila kusikia.

Simu ilipigwa wakiwa wanakula, yeye na Amosi. Akaweka sauti ya nje.

"Mama Lydia, moyo hauna shida," Dafrosa alisema. "Ile kemikali imeshuka mpaka kiwango cha mbwa mzima. Sasa niambie, huyu anakula nini?"

Bertila alijibu kwamba anampa ugali jioni, basi. Pembeni yake Amosi alikuwa ameacha kutafuna.

"Baba Lydia?" Bertila alimgeukia.

"Nilimwonea huruma na ile bandeji," Amosi alisema, macho kwenye sahani. "Nikishakamua, namtilia maziwa. Na mchana kidogo."

Bertila alicheka mpaka akalazimika kuiweka simu chini. Dafrosa naye alisikika akicheka, kisha akatoa amri: maziwa yakome, na aliyemnenepesha ndiye atakayemtembeza.

Amosi alitii. Mwanzoni walikuwa wakifika barabarani tu na kugeuka, mbwa akivutwa kwa kamba. Baadaye kamba ikawa inamvuta Amosi. Jioni moja, vijana wakicheza mpira, Tajiri alimponyoka, akaingia uwanjani, akausukuma mpira kwa pua kutoka goli hadi goli huku Amosi akimfukuza, kofia mkononi. Watu wakamshangilia mbwa.

Bertila, aliyekuwa anatoka kisimani, alitua ndoo. Alimtazama Tajiri akikata kona kwa kasi, masikio yamelala nyuma, hakohoi wala haketi. Akajiunga na washangiliaji, akipiga makofi kwa mikono iliyolowa.