Ukingoni mwa Kioo

Enzi zile za Mwingereza, Asheri alikuwa amewapiga picha nusu ya watu wa Same: makarani, maharusi, hata mbuzi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge aliyempenda mbuzi huyo kuliko ndugu. Lakini baba yake mzazi, mzee Aminieli, Asheri hakuwahi kumpiga picha hata moja. Mzee alikataa katakata. "Uso wangu unanitosha mwenyewe," alikuwa akisema, kisha anageuka, mkono wa kushoto umeinuliwa kukinga jua. Basi akafa na uso wake huko Myamba, Asheri akiwa Same anapiga picha harusi ya watu asiowajua. Jambo hilo lilimkaa rohoni, halikumtoka.

Mwaka wa sita tangu mazishi, Mgiriki alifunga virago akamwachia lenzi pana. Ilikuwa kijidude kisichozidi limau, lakini kiliona kushoto na kulia kwa mpigo mmoja. Asheri akapanda nayo Myamba, akitaka kuliweka bonde zima kwenye kioo kimoja cha kupigia picha: msitu juu, migomba katikati, na chini kabisa Maore na tambarare ya Ndungu.

Jaribio la kwanza lilimwaibisha. Asiyeijua lenzi pana hudhani itamkuzia mlima. Kumbe inausukuma mbali hadi unakuwa kichuguu. Dawa yake ni kuweka kitu cha karibu mbele, ili macho yapate pa kuanzia safari. Asheri akatafuta, na kilichokuwepo ni masale, mimea inayopandwa makaburini, na jiwe la kaburi la baba yake, pembeni mwa shamba. Akaishusha kamera hadi magotini, akalibana tundu la lenzi likawa dogo kabisa, akaondoa kifuniko, akahesabu polepole hadi arobaini. Ukungu ulikuwa unapita. Hapakuwa na mtu.

Aliporudi Same akajifungia katika chumba cha giza, akakitikisa kioo ndani ya dawa. Bonde likajitokeza, zuri ajabu. Na kwenye ukingo wa kushoto, nyuma ya masale, alikuwa amesimama mtu.

Lenzi pana huwavuta watu wa ukingoni, wakapinda kama unga uliokandwa vibaya. Uso wa huyu ulikuwa umevutika hadi hausomeki. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeinuliwa, umekinga jua ambalo siku ile halikuwepo. Asheri aliketi sakafuni. Lenzi ikiachwa wazi kwa hesabu ya arobaini, anayepita mbele yake hufutika: ng'ombe hufutika, watoto hufutika. Ili ubaki lazima utulie tuli, hata pumzi usivute. Aliogopa sana. Na tusimfichie: alifurahi pia.

Akarudi Myamba mbio. Akaielekeza lenzi kushoto, ili baba awe katikati, mahali ambapo uso hauvutwi. Kioo kilipotoka, katikati palikuwa na masale tu. Mzee alikuwa amehamia ukingo wa kulia, na uso ameugeuza nusu. Mara ya tatu alikuwa ukingoni tena, ameipa kamera kisogo.

Asheri akazichapa picha zote tatu, akampelekea mama yake, Eliakunda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama alizipanga picha magotini, akaziangalia kwa muda mrefu. Hakulia. "Huyu hakutafuti wewe, Asheri. Tazama anakotazama."

Alikuwa anatazama msituni, kwenye pango la ukoo.

Wapare wa zamani hawakumwacha mzee kaburini moja kwa moja. Miaka ikipita, fuvu lake lilifukuliwa, likapelekwa pangoni kukaa safu moja na baba zake. Filemoni, baba yake mdogo Asheri, alikuwa amekuja mara mbili kuomba kaka yake apelekwe. Mara zote mbili Asheri, mzee wa kanisa mwenye tai yake, alimfukuza akimwita mpagani.

"Umemsimamisha njiani miaka sita," mama alisema. "Na sasa unamtaka atulie umpige picha."

"Akienda, mama, sitamwona tena."

"Ndiyo, baba. Hutamwona."

Asubuhi ya Alhamisi, Asheri na Filemoni walichimba. Filemoni akamkabidhi fuvu alibebe, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza. Kamera nayo ilikuwa begani, lazima isemwe. Pango lilikuwa jembamba, mahali ambapo lenzi nyingine isingeweza kuichukua safu nzima ya wazee. Ile pana ingeweza. Na hatimaye uso wa baba yake ulikuwa mikononi mwake, mbele ya macho, haukuvutwa na kitu. Filemoni alitazama pembeni kwa adabu. Asheri akaliweka fuvu mahali pake, akalisogeza kidogo likae sawa na la babu, akatoka bila kufungua mkoba wa kamera.

Njiani akaisimamisha kamera palepale penye masale, akahesabu hadi arobaini.

Picha ile ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Msitu, migomba, Maore, Ndungu, kila kitu mahali pake, na kingo zote mbili safi. Asheri aliipekua kwa kioo cha kukuzia, kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka mkewe Rogathe akaja kugonga mlango wa chumba cha giza, akimuuliza anamlilia nani.