Mama wa Kwenye Riwaya

Shuleni walimwita Redio, kwa sababu akishika kitabu kusoma kwa sauti, hata watoro wa kipindi cha fasihi walitulia. Lakini tangu mama yake apooze mkono wa kulia, Redio hakukanyaga darasani. Mkono mmoja haulei mwana, wala haukunji shuka. Alibaki kwenye chumba chao cha udobi akipiga pasi mashati ya watu, riwaya ya mtihani ikiwa juu ya rundo la nguo.

Riwaya yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa na maringo. Msichana wake hanywi maji kabla hajayatazama yakimeta. Mvua ikinyesha, anakaa dirishani sura nzima. Redio aliipenda kupita kiasi, na alikuwa na lake jambo. Angemsomea mama ile sura ambamo mama wa msichana anafungua mlango na kusema, "Nenda, usigeuke nyuma." Kwa maneno matamu vile, nani asingelainika? Mama angemruhusu arudi shule.

Mama alisikiliza, mkono mzima umeushika ule uliopooza.

"Huyo binti dirishani kutwa, nani anafua?"

"Mama, ni riwaya!"

"Haya. Kwani kwenye riwaya nguo hazichafuki? Endelea."

Redio akacheka, akaendelea. Alipofika pale mlangoni sauti ilimtetemeka kwelikweli. Kuinua macho, mama analia. Furaha ikampanda. Amekubali, akajiambia.

"Umeona, mama? Alimwacha aende."

"Nimeona." Mama akajifuta kwa bega. "Na yeye je?"

"Nani?"

"Yule mama. Alipofunga mlango, aliishije? Hebu nitafutie huko mbele."

Redio akafunua. Kitabu alikimaliza zamani, ila hilo hakuwahi kuliangalia. Msichana kafika mjini, kapenda, kaachwa, katunga mashairi. Akazidi kufunua, kidole kikishuka ukurasa baada ya ukurasa, akiomba moyoni japo barua, japo salamu. Mahali pamoja tu msichana alikumbuka harufu ya nywele za mama yake, kisha akaagiza chai.

"Hayupo," alisema.

"Hata kufa hakufa?"

"Hakuandikwa tena."

Mama hakumlaumu, na hilo ndilo lililomvunja Redio. Angefoka, wangebishana, na kwa ubishi Redio alikuwa hawezekani.

"Kimeandikwa vizuri lakini," mama alisema taratibu. "Ukitaka kwenda, mwanangu, nenda. Sitakuzuia."

Ruhusa aliyoitafuta ndiyo hiyo, kapewa bila masharti. Redio akaitazama hivi na hivi, akaona haina mahali pa kuishika. Alijua hatakwenda kesho, wala muhula ujao, na kwamba hakuna atakayemlazimisha kubaki ili apate wa kumchukia. Akalia bila kujificha.

"Niende wapi, mama?" alisema, akavuta shati lililofuata.