Mlango Usio na Mwanya

Chenge hakuweza kukaa kitako. Tangu simu ya mama mkwe wake ilipoingia Alhamisi asubuhi, alikuwa ameshaizunguka nyumba mara nne, tepu mkononi, akipima vitu ambavyo alishavipima mwaka jana. Bi Mhoja angevuka na kivuko cha Kamanga siku ya Jumamosi. Jumatatu angepasuliwa mtoto wa jicho hospitalini mjini, na baada ya hapo ilibidi akae wiki mbili karibu na daktari. Na nyumba ya Chenge, pale Kisesa, ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na sebule kubwa isiyogawanywa na kitu.

Kwa watu wa kwao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kulala nyumba moja bila kizuizi. Kwa miaka tisa Chenge alikuwa akimwamkia mama huyu huku amempa mgongo, naye akiitikia amejifunika khanga. Mwaka jana alikuja kwa ajili ya jicho la kulia, Chenge akamtundikia pazia la maua katikati ya sebule. Bi Mhoja akalipapasa, akamwambia binti yake, "Hili ni pazia, si ukuta." Chenge akajitolea kwenda kulala kwa rafiki. "Mwenye nyumba hahamishwi na mgeni," mama akajibu, na habari za nyumba ya wageni hakutaka hata kuzisikia. Kesho yake akapanda kivuko, akarudi kwao Sengerema.

Chenge aliahidi kujenga ukuta ndani ya mwezi. Akanunua mbao Mkuyuni, akazilaza uani chini ya bati, na kila mwezi ukawa mwezi ujao. Ngoja ngoja huumiza matumbo; safari hii iliumiza jicho. La kulia likazima kabisa. Sasa lilibaki la kushoto.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Evelina, mkewe, alikuwa fundi cherehani, mwanamke asiyependa maneno mengi. Aliendelea kushona magauni yake ya harusi, ila kila alipopita uani alizikwepa zile mbao kama anavyokwepa mbwa wa jirani.

"Muite Ngosha," alisema siku hiyo. Ngosha alikuwa seremala, nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Nitajenga mwenyewe. Mimi ndiye niliyeahidi."

"Siku mbili, baba?"

"Mlango ni mstatili tu, Evelina."

Chenge alikuwa mwalimu wa hesabu, na shule zilikuwa zimefungwa. Mwalimu wa hesabu akishika msumeno, majirani waombewe. Alikuwa ametazama video kwenye simu kiasi cha kujiona fundi, lakini yule mzungu wa kwenye video alikuwa na mashine zinazokata mbao kama mkate, yeye Chenge alikuwa na msumeno butu na randa ya kuazima. Misumari ilipinda. Randa iling'ata mbao na kuzitoa vibanzi. Nguzo zake zilisimama sawasawa kwa mujibu wa hesabu, ila sakafu haikuwa imesoma hesabu, ikabidi ajaze vipande vya mbao chini ya kila nguzo. Alikunywa chai akiwa amesimama. Alikula ugali akiwa amesimama pia, macho kwenye ukuta.

Lakini Ijumaa alasiri ukuta ulikuwepo, mbao na plaiwudi mpaka darini. Mlango wa mbele ungekuwa wa Bi Mhoja, wa jikoni wangeutumia wenyewe, na katikati ya ukuta kulikuwa na mlango mdogo wa Evelina kuingilia kwa mama yake. Mlango huo ndio aliojivunia Chenge. Aliuranda mpaka ukakaa kwenye fremu bila kuonyesha hata uzi wa mwanga.

Ngosha alikuja kuchukua randa yake, akapitisha kucha pembeni mwa mlango.

"Mwalimu, umebana. Acha mwanya, hata wa kupitisha sarafu. Hizi mbao zimekaa uani mwaka mzima, mvua ikija zitavimba."

"Nikiacha mwanya ataniona nikipita. Ukuta wenye mwanya una tofauti gani na pazia?"

Ngosha alikuna kichwa. Yeye naye alikuwa mkwe wa watu. Akachukua randa yake, akaenda.

Jumamosi mama alifika na Evelina. Chenge alijificha nyuma ya tangi la maji mpaka mlango wa mbele ulipofungwa, moyo ukimdunda kuliko siku ya posa. Akamsikia Bi Mhoja akipapasa mbao, akigonga hapa na pale.

"Huu ni ukuta," alisema mama.

Chenge akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jumanne bandeji ikatolewa, na muuguzi akatoa masharti mawili: dawa ya matone kila baada ya saa mbili bila kuruka, na mgonjwa asiiname hata kidogo. Mikono ya mama ilitetemeka, kwa hiyo matone yalikuwa kazi ya Evelina. Jumatano, baada ya dozi ya saa nne, alikimbia mjini kupeleka gauni la bibi harusi. Ndipo mvua ikaja. Saa saba na nusu akapiga simu: maji yamekata barabara, magari yamesimama pande zote mbili.

"Saa sita nimeshamkosesha," alisema, sauti ikimkatika. "Ya saa nane asikose. Muombe mama Teodora."

Chenge alikimbia mvuani kwa mama Teodora, jirani yao, akakuta kufuli. Kwa Ngosha wanawake wote walikuwa wamekwenda msibani. Akarudi, maji yakimchuruzika, akasimama mbele ya ule mlango mdogo alioutengeneza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ilitoka karibu sana.

"Ni saa ya dawa, na Evelina amekwama."

"Nitatia mwenyewe," akasema Bi Mhoja.

Akasikia kifuniko kikifunguliwa. Kisha kitu kidogo kikadondoka, kikabingirika sakafuni, na kitanda kikalia kwa uzito wa mtu anayeshuka.

"Mama, usiiname."

"Nitaipataje nisipoinama?"

Chenge aliusukuma mlango. Haukutikisika. Wa mbele nao mama alikuwa ameufunga kwa komeo la ndani. Mbao zilikuwa zimekunywa unyevu wa mvua, zikavimba, zikashika fremu kwa nguvu zote. Akausukuma kwa bega, na kila alivyosukuma alijilaani, maana aliujua ubora wa kazi yake. "Mama, kaa hapo hapo, nakuomba," akasema, akarudi nyuma hatua tatu, akauvamia. Bawaba zikang'oka. Mlango na upande mmoja wa fremu vikaangukia ndani kwa kishindo, yeye juu yake.

Bi Mhoja alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, khanga usoni. Chenge alitambaa chini ya kitanda, akaipata chupa, imelala ubavu, kwa bahati dawa bado imo. Akanawa mikono kwa sabuni kama muuguzi alivyofundisha. Kisha akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, siwezi kutia dawa kwenye khanga."

Kisha khanga ikashuka.

Alikuwa na uso wa Evelina, ila umezeeka. Chenge akatia tone la kwanza, na la pili. Bi Mhoja akafumba jicho, machozi na dawa vikateremka shavuni. Alipolifumbua alimtazama, wala hakugeuka.

"Una mvi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Siku ulipoleta ng'ombe nilikuchungulia kwa mbali. Ulikuwa kijana."

Chenge akaifunga chupa. "Mama, lile jicho la kulia ni kosa langu. Mbao zilikuwa uani mwaka mzima."

"Ni kosa lako," akasema Bi Mhoja. "Na langu. Aliyepanda kivuko ni mimi." Akajifuta shavu kwa ncha ya khanga. "Nyingine ni saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na maji yatakuwa yamepungua?"

Chenge akasikiliza bati. "Sidhani."

"Basi utakuja wewe. Ila upige hodi."

Chenge akautazama mlango uliolala sakafuni, akaitikia kwa kichwa, akatoka kinyumenyume. Mpaka saa kumi alizunguka jikoni, akatazama saa ya simu mara ishirini, akanawa mikono mara tatu. Ilipotimia, akasimama kwenye ule uwazi na kugonga nguzo iliyobaki.

"Hodi."

"Karibu," akasema Bi Mhoja. Khanga ilikuwa mabegani, na mbele ya kitanda alikuwa ameshaweka kiti.