Mkono Ulioshika Kipanya

Saa tano asubuhi mjukuu wangu Mbinya alinikalisha kwenye kiti chake, akanishikisha kipanya cha kompyuta.

"Susu, kazi yako ni hii tu," akasema. Susu ni bibi, kwa Kikamba chetu. "Kisogeze kidogo kila mara. Usiiache ilale."

Nilijua kwa nini anasisitiza. Ramani za mashamba yetu yote, pamoja na majina ya wenyewe, zilikuwa ndani ya kompyuta ile, katika chumba cha kamati ya ardhi hapo Msambweni. Hazikuenea kwenye diski za kawaida. Mwenyekiti wetu, Muema, alikuwa ameazima kijisanduku cha samawati kutoka hoteli moja ya Diani. Kiliunganishwa kwa waya, nacho kikawa kinanakili kila kitu kwenye diski nene. Diski hiyo ilitakiwa ifike ofisi ya ardhi ya Kwale siku hiyo, kabla ya saa kumi. Shamba ambalo ramani yake haingefika lingehesabiwa halina mwenyewe. Letu ni nambari mia na kumi na nne. Mume wangu Kilonzo amezikwa humo.

Tatizo ni kwamba kompyuta ikikaa dakika tatu bila kuguswa, hulala. Ikilala, kijisanduku hukatika, na ikiamka haikioni tena. Asubuhi ile Mbinya alikuwa ametoka mara moja kupokea simu duka la jirani, akarudi akakuta kioo cheusi. Fundi aliyeipanga hivyo alikuwa Mombasa, na neno la siri analo yeye.

"Nimelea watoto saba," nikamwambia Mbinya. "Kuwalaza najua. Kunyima mtu usingizi sijapata kufanya."

Alitabasamu kidogo, akaenda kutafuta muhuri wa chifu.

Nikawa nasogeza. Kwenye kioo mstari wa buluu ulikuwa unajaa polepole. Ulikuwa umepita nusu niliposikia hodi.

Alikuwa mzee Garama, jirani yetu wa nambari mia na kumi na tano. Tulipohamia huku kutoka bara, ni yeye aliyetupa mbuzi wa maziwa kabla hata hajatujua majina.

"Shikamoo, mzee Garama."

"Marahaba, mama. Kumbe siku hizi u karani?"

Akaninyooshea mkono. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya kipanya, na wa kushoto humpi mtu kama yule. Nikasimama, nikampa wa kulia. Naye Garama akishika mkono hauachi mpaka amalize. Aliuliza watoto, akauliza mguu wangu, akauliza mvua, akamwombea Kilonzo rehema. Nilikuwa najibu, nikashindwa kuuvuta mkono.

Nilipogeuka, kioo kilikuwa cheusi.

Mbinya alirudi, akatazama, hakunigombeza. Aliizima mashine, akaiwasha, akaanza upya. Saa sita na nusu. Kunakili kunataka zaidi ya saa nzima, na gari la Muema lilikuwa liondoke saa nane.

"Ni salamu zangu zilizoilaza," Garama akasema.

"Ni mashine, babu," Mbinya akamjibu.

"Basi ina usingizi kuliko mlinzi wa ghala."

Akachukua kigoda, akakiweka mlangoni, akakaa. Kila aliyefika, Garama alimpa mkono yeye mwenyewe. "Salamu za mke wa Kilonzo napokea mimi leo," nikawa namsikia akisema. "Hajambo, watoto hawajambo. Mguu bado." Watu walicheka wakapita. Mimi nilisogeza kipanya bila kuondoa macho kwenye ule mstari, vidole vikafa ganzi.

Saa nane kasoro dakika kumi Muema aliingia kwa haraka, ufunguo wa gari mkononi, na kwa mazoea akaninyooshea mkono. Mstari ulikuwa umebakiza ncha. Nilimtazama Garama.

"Mshike kiwiko," Garama akamwambia. "Kama mtu aliyekuta mwenzake anakanda unga."

Muema akanishika kiwiko, akakitikisa kwa heshima. Kipanya kikatikisika nacho. Tulibaki hivyo hadi Mbinya alipovuta pumzi na kuichomoa diski.

Gari likaondoka. Garama hakwenda kwake. Alikaa kwenye kigoda kile, nami nikakaa ndani, chai ikapoa mbele yetu. Saa kumi na moja na nusu Muema alirudi na barua yenye muhuri: ramani zimepokewa zote. Mbinya akaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ili mzee asikie nambari yake.

Garama akainuka taratibu.

"Sasa nipe mkono wangu, mama. Ule wa asubuhi sikuumaliza."

Nikampa. Vidole vyangu vilikuwa bado vimejikunja kwa umbo la kipanya, naye akavinyoosha kimoja kimoja, huku akianza tena kwa watoto.