Mtandao wa Ghorofani

Kisanduku cha kampuni ya intaneti kilikaa chumbani kwa mzee Ramniklal, chini, na mawimbi yake yalipofika chumba cha nyuma ghorofani yalikuwa yamechoka. Humo ndimo Shreya, mkwewe, alimofundishia hesabu kwa video. Akifika penye fomula, picha inaganda, yeye kaachama, wanafunzi wa Bukoba na Musoma wanacheka. Nyumba ile ya mtaa wa Pasiansi, kando ya ziwa, ilikuwa ya mawe, na mawe hayana huruma na waifai.

Akanunua ruta yake, kifaa cha kusambaza mtandao. Pankaj, mumewe, akavuta waya kutoka kwenye kisanduku, akaupandisha ngazini. Shreya akaipa ruta jina lake mwenyewe, akaweka na neno la siri. Alilitazama jina lile kwenye simu kwa muda. Tangu aolewe, hakuna kitu ndani ya nyumba ile kilichoitwa cha Shreya. Akahamishia huko simu zao pamoja na televisheni ya sebule ya juu, na masomo yakaenda kama maji.

Asubuhi iliyofuata mzee alipanda kama desturi yake, kishikwambi mkononi, arushe nyimbo zake za ibada kwenye televisheni. Alibonyeza, akabonyeza tena. Televisheni haikuonekana kwenye kishikwambi. Alishuka. Kesho yake hakupanda, wala keshokutwa, na chakula akaomba apelekewe chini.

Shreya akampelekea chai.

"Shikamoo, Baba. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi." Mzee aliigeuza geuza sahani ya kikombe. "Shemeji yangu, mke wa ndugu yangu, alipoleta jiko lake chumbani, alisema ni la kuchemshia maziwa ya mtoto tu. Mwaka haukuisha, tukagawana nyumba. Ule waya ulipopita mlangoni kwangu nikajua. Sasa hata televisheni hainijui."

Shreya alitaka kucheka, akashindwa. Alieleza kwamba ruta yake, kwa jinsi walivyoiweka, imejitengenezea mtandao wake nyuma ya ule wa kisanduku. Televisheni imebaki upande mmoja, kishikwambi upande wa pili, na havionani.

"Ndiyo hayo ninayosema," mzee akajibu.

Siku ile Shreya aliingia kwenye mipangilio. Palikuwa na chaguo la kuifanya ruta isambaze tu mtandao wa kisanduku, isijitenge. Kidole kilisita. Halafu akakubali. Ruta ikazima, ikawaka. Jina lake lilikuwapo bado, ila sasa nyumba nzima ilikuwa mtandao mmoja.

Akamwita mzee. Naye akabonyeza mara moja, na sauti ya mwimbaji ikajaa sebuleni. Mzee alisikiliza wimbo mpaka ukaisha.

"Ungeniambia mawimbi hayafiki," alisema. "Chumba changu ningekupa, ukafundishia huko."

"Ningeomba mangapi, Baba? Hata pazia la chumbani niliomba."

Mzee aliweka kishikwambi mezani. Pengine alikuwa akilikumbuka pazia, pengine shemeji yake na lile jiko, kwamba naye huenda alichoka kuomba. Kilichosikika ni mashua ya injini ikipita mbali ziwani.

Mwishowe mzee alisogea kwenye kochi, akamwachia nafasi.

"Keti," alisema. "Nionyeshe hao wanafunzi wako."